Mlango wa Nyuma wa Kanisa la Petrusa

Petrusa, Machi, siku ya kumi na mbili

Dada yangu Makrina,

Nakusalimu wewe na shemeji Filemoni. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba safari hii mvuvi Nikandro hataisahau chini ya mitego yake ya pweza kama ile ya mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Mbuzi wetu mweusi amezaa mapacha. Shayiri imesimama vizuri. Jirani yetu Mzee Lampro ameota jipu mahali ambapo padre hawezi kupataja, ila yeye mwenyewe anapataja kwa kila anayepita.

Sasa nikupe habari yenyewe, na ukae chini kwanza. Askofu amekubali lile hekalu la zamani la mungu wa kike Demetra liwe kanisa, na mimi ndiye padre wake. Ndiyo, mimi Zosimo uliyekuwa ukinifuta kamasi kwa upindo wa gauni lako. Hekalu lile tulilochezea kibe, tukijificha nyuma ya nguzo tukiwa wadogo, lililokaa tupu tangu Kaisari alipoamuru lifungwe, sasa lina paa jipya. Nafasi za kati ya nguzo tumeziziba kwa mawe na ndani tumepaka chokaa.

Kazi kubwa ilikuwa kuligeuza. Unakumbuka mlango wake ulitazama mawio. Lakini kanisani madhabahu ndiyo hukaa upande wa mawio, na watu huingia kutoka machweo. Basi mlango wa mbele tumeuziba kwa ukuta wa nusu duara, tukatoboa ukuta wa nyuma, na sasa nyuma ndiko mbele. Fundi Thrasoni aliniuliza mara mbili kama nimekunywa. Nilipomwonyesha barua ya Askofu alisema atajenga, ila Siku ya Hukumu akiulizwa atataja jina langu.

Askofu atakuja kuliweka wakfu mwaka huu huu. Nataka uje. Mwaka jana hukuja, na mwaka juzi ulisema utakuja ukatuma zabibu kavu badala yako. Mama hajambo. Kila ninaposalisha yuko kanisani, hajakosa hata mara moja.

Mdogo wako,
Zosimo


Korintho, Aprili, siku ya ishirini na saba

Mdogo wangu Zosimo, ambaye sasa lazima nikuite Padre,

Barua yako imefika ikinuka samaki, kwa hiyo najua ilisafiri na Nikandro. Filemoni anakusalimu. Biashara ya taa inakwenda. Amebuni taa yenye umbo la bata, na watu wa hapa wameipenda kuliko taa zinazowaka vizuri. Mvua zimekatika mapema. Jirani yetu wa juu bado anamwaga maji machafu dirishani bila kuita kwanza.

Nimefurahi mpaka nimelia, ingawa siku hizi nalia kwa lolote. Juzi nimemlilia yule bata. Mama anakaa upande gani humo kanisani? Anapaonaje? Umeandika kwamba yuko, hukuandika kwamba amependa, nami namjua Mama tangu kabla hujazaliwa.

Kuhusu kuja, tutaona. Njia ni mbaya.

Nina ombi dogo, wala usiniulize la nini. Nitumie kipande cha kigae kimoja cha zamani kutoka paa la hekalu, vile vyekundu vinavyonuka mvua ukivilowesha. Kisiwe kidogo sana.

Dada yako,
Makrina


Petrusa, Mei, siku ya kumi na tisa

Dada mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Jipu la Mzee Lampro limepasuka, na kijiji kizima kimepumua. Mapacha wa mbuzi wanakua, mmoja amekula kamba ya kengele.

Ombi lako limenigusa kuliko unavyodhani. Kigae hicho hapo kwenye kitambaa, nimekisomea zaburi kabla ya kukifunga. Jumapili nimewahubiria watu kwamba dada yangu anaishi katikati ya anasa za Korintho, na bado moyo wake umeomba kipande cha nyumba ya Mungu. Wanawake walitokwa na machozi. Kukiweka ukutani au chini ya mto wa kulalia, hilo nakuachia wewe.

Sasa Mama. Sikukudanganya, dada. Yuko kanisani kila siku, ila yuko upande mwingine wa ukuta.

Siku ya kwanza alifika na kigoda chake mpaka pale ulipokuwa mlango wa zamani, akaukuta ukuta. Hakulizunguka jengo, aliketi pale pale. Nikatoka kumfuata.

"Mama, kwa nini huingii?"

"Niingie wapi? Umeziba."

"Mlango uko upande wa pili."

"Upande wa pili ni nyuma. Nyuma hupita mbuzi, na mwizi, na mtu aliyefumaniwa. Mimi nani kati yao?"

"Mama, sasa kule ndiko mbele."

"Nani kasema?"

"Askofu."

"Askofu kazaliwa hapa?"

"Hapana."

"Basi aulize wenyeji."

Ninaposalisha nimeelekea mawio kama inavyotakiwa, watu wako nyuma yangu, mbele yangu ni ukuta, na nyuma ya ukuta ni Mama. Nikisema, "Tumwombe Bwana," kabla waumini hawajafumbua kinywa ukuta unanijibu, "Bwana hurumia! Na usimung'unye maneno!"

Wiki hii Mzee Lampro amehamia huko naye, anasema ndani kuna baridi ya chokaa. Shemasi wangu Hipatio, yule kijana mwembamba aliyeletwa kutoka mjini, amenuna. Anauliza kwa nini wazee wa kijiji hiki wanaketi mahali pale pale palipochinjiwa nguruwe wa Demetra, wakiomba kwa kuelekea ukuta. Nimemwambia wanafuata kivuli. Hakuamini.

Zosimo


Korintho, Juni, siku ya ishirini na mbili

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Filemoni siku hizi ndiye anayechota maji kisimani, na wanaume wa mtaani wanamcheka. Joto limenishika vibaya mwaka huu, miguu imejaa.

Kigae kimekwisha. Tuma kingine.

Usimcheke Mama. Alipoolewa akaletwa hapo, mlango ule ndio alioupita na shada la ngano kichwani, mbele ya watu wote. Wewe umekuja na fundi ukampelekea ukuta. Lakini nina jambo la kukutisha zaidi, nawe usilipuuze. Mke wa karani wa Askofu hununua taa kwetu. Ameniambia shemasi fulani wa pwani ameandika kwamba padre wake anawaacha wazee waabudu miungu ya kale nje ya kanisa, na kwamba mama mzazi wa padre ndiye kiongozi wao. Askofu anakuja Agosti, mwishoni, na amesema ataangalia kwa macho yake. Unajua sheria ilivyo siku hizi. Mtu akikutwa na kosa hilo hunyang'anywa shamba, na padre wake huvuliwa upadre. Mwingize Mama ndani, Zosimo, hata kwa kumbeba.

Halafu, akikubali, je, hangependa kuja kuuona mji? Petrusa nzima asiyejua mji ni Mama peke yake. Hapa pana soko, pana maji ya kuoga ya moto. Msimu mzuri ni kuanzia Septemba. Mwulize kana kwamba ni wazo lako.

Makrina


Petrusa, Julai, siku ya ishirini

Dada,

Nakuandikia na mgongo unaniuma. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza vigae. Nimekutumia kingine, tena kikubwa. Lakini tangu yale mahubiri kila mwanamke wa Petrusa anataka kipande chake. Walimaliza rundo la vigae vya zamani, sasa wameanza vipya. Juzi nilikuwa nikibatiza mtoto, nikaona mbingu juu yangu mahali ambapo jana palikuwa na paa, na mkono wa mjane Galatia ukichomoka humo. Na hebu niambie, kigae kimekwishaje? Kimeibiwa? Umekigawa kwa maskini?

Pili, Mama. Nimempelekea barua ya Askofu nikamsomea. Akasema mwandiko huwezi kujua kama umetoka kwa mtu mwenyewe au kwa punda wake. Nimempikia dengu nikaziweka ndani ya kanisa mlango ukiwa wazi, harufu itoke. Zililiwa na mapacha wa mbuzi. Jana nikaja na Fundi Thrasoni tukamnyanyua na kigoda chake, mmoja huku, mmoja huku. Mama hakupigana. Alikaa ametulia kama malkia, akimwambia kila tuliyempita, "Mwanangu ananipeleka kwa mlango wa nyuma. Nimemnyonyesha miaka miwili." Tulipofika kona, watu walikuwa wamejipanga kututazama na Thrasoni akaona haya, akaachia upande wake. Mama aliruka akasimama kwa miguu yake kama mtoto. Mimi nilianguka na kigoda.

Sasa nje kuna watu wengi kuliko ndani. Wamekuja na mikeka. Hipatio anawahesabu kwa kidole bila kuficha, na mimi silali. Nikivuliwa upadre nitarudi kuchunga. Mbuzi nitawamudu, ila Mama akinyang'anywa lile shamba la Baba, hilo nitaishi nalo vipi?

Nilimwuliza kuhusu Korintho. Alisema, "Korintho kuna nini?" Nikasema kuna soko. Akaacha kusokota. "Dada yako kakwambia uniulize?" Nikasema ni wazo langu. Akasema, "Wewe hujawahi kuwa na wazo," akarudi kwenye kusokota sufu.

Una nini, Makrina? Mbona huniambii?

Zosimo


Korintho, Agosti, siku ya tisa

Zosimo,

Sijambo sana. Filemoni hajambo. Bata wanauzika.

Askofu amepanda chombo juzi, anapitia visiwani kwanza. Usivae ile kanzu yenye doa la mafuta.

Kigae kikubwa nacho kimekwisha. Nitumie kingine, nakuomba sana.

Makrina


Petrusa, Septemba, siku ya tatu

Dada yangu, ewe mnyamavu kuliko samaki,

Barua hii anakuletea Mama mwenyewe. Ameapa hataisoma. Namwamini kwa kuwa hajui kusoma, ila yuko chombo kimoja na Askofu na nina wasiwasi atamwomba amsomee. Mheshimiwa Askofu, kama ni wewe unayesoma hapa, naomba radhi kwa yatakayofuata.

Siku ilipofika, sote tuliokubali kuingia kwa mlango mpya tulisimama hapo tangu asubuhi, tumeoga, tuna matawi ya mizeituni, tukitazama njia ya bandarini. Bandarini wakafika watumishi, wakafika masanduku, na kisanduku chenye mfupa wa mtakatifu kikafika pia. Askofu mwenyewe hakuonekana. Watumishi wakasema bahari ilimchafua tumbo, akaomba ashushwe kwenye ghuba ndogo apande kwa miguu peke yake, na kwamba alipaswa kufika kabla yao.

Alikuwa amefika. Njia ya ghuba ndogo unaijua inatokea wapi: mawio, kwenye ukuta. Niliyoyapata ni kutoka kwa Mama, na Mzee Lampro ameyathibitisha, wanabishana tu nani alitoa tini.

Wamekaa na vigoda vyao, wakaona mzee anapanda akihema, kanzu imejaa miiba, anachechemea. Akaugusa ukuta. Akauzunguka kidogo huku, kidogo kule.

"Mama," akasema, "mlango uko wapi?"

"Umezibwa, baba. Karibu ukae. Bado hawajaanza, wanamngoja askofu. Nasikia amepotea."

"Amepotea?"

"Wakubwa hupotea sana. Hawapendi kuuliza njia."

Akakaa. Mama akampa maji, jibini na hizo tini zenye ugomvi. Akaona anavyokunja uso, akamvua kiatu bila kumwomba ruhusa, akakuta lengelenge kubwa kisiginoni, akaanza kulipaka mafuta ya zeituni. Askofu akauliza wanafanya nini pale nje na ibada iko ndani. Je, wanamwomba nani?

Mama akacheka. "Umetumwa na yule shemasi mwembamba? Demetra aliondoka kabla sijaota mvi, baba, na hakuaga. Mimi namwomba Mungu wa mwanangu. Mwanangu ndiye padre humo ndani, ana sauti nzuri akikumbuka kufungua kinywa. Lakini wamegeuza nyumba. Wanataka niingie kwa nyuma, mimi niliyeingia kwa mbele siku ya harusi yangu kijiji kizima kikipiga vigelegele. Askofu kaamuru."

"Huenda Askofu alikuwa na sababu."

"Huenda. Au huenda hakulelewa."

Lampro anasema hapo jibini lilimpalia mgeni, ikabidi apigwe mgongoni.

Alipopona aliutazama ukuta. Kisha akasema, "Mama, mimi ni mgeni hapa. Hiyo njia ya kuingilia siijui, na mguu ndio huu. Nani atanipeleka?"

Mama akatazama kushoto, kila mtu akatazama miguu yake. Akatazama kulia, Lampro akajifanya kiziwi. Akashusha pumzi. "Sitamwacha mgeni apite kwa nyuma peke yake. Watasema Petrusa hakuna watu." Akainuka, akamshika mkono, na wale wengine wakakunja mikeka yao wakawafuata, kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa kitakachotokea.

Sisi tulikuwa tumeshachoka tukaingia ndani kukaa. Nikageuka. Mlangoni nikamwona Mama, dada, Mama yetu, amepita kizingiti! Amemshika mkono mzee mwenye vumbi, na mkono wa pili ameshika kiatu kimoja. Nikafungua kinywa nimshukuru Mungu. Kabla sijasema neno Hipatio akaanguka kifudifudi sakafuni.

"Amezimia!" Mama akapiga kelele. "Hali huyu kijana, nimesema siku zote! Maji!"

"Hajazimia," yule mzee akasema. "Ananijua."

Mama akamtazama. Akatazama watumishi wanavyokuja mbio na joho la dhahabu. Akamtazama tena.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mama. Yule asiyelelewa."

Mimi nilikuwa nimeshawaona mbuzi ninaokwenda kuwachunga, mmoja mmoja.

"Basi vaa kiatu," Mama akasema. "Huwezi kuweka wakfu kitu na mguu mmoja wazi." Akamvisha, akaenda kukaa mbele kabisa, kama mtu aliyealikwa.

Tulizunguka kanisa na ule mfupa, Askofu akipaka mafuta kuta. Alipofika ule ukuta wa mawio alimwambia Fundi Thrasoni atoboe dirisha hapo, pana, kwenye kimo cha mtu aliyeketi. Thrasoni akauliza lifunguke kuelekea wapi, maana hataki tena matatizo. Kuhusu shemasi, Askofu alimwambia tu kwamba tangu leo atawapelekea wazee maji ya kunywa kila Jumapili.

Lakini makubwa yalikuwa mezani. Tunakula dengu na pweza, Askofu akasema amesikia sifa za dada yangu wa Korintho mwenye ibada ya vigae. Nikajaa fahari. Nikamwambia umeomba vitatu na kila mara unaandika kwamba kimekwisha.

Mama akaweka kijiko chini. "Kimekwisha vipi?"

"Sijui, Mama. Ameandika hivyo tu. Kimekwisha."

"Alianza lini kuomba?"

"Aprili."

"Na maji anachota nani?"

"Filemoni. Kwa nini?"

Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Kisha akasimama. "Zosimo, hayo masikio Mungu alikupa ya kushikilia kofia? Dada yako anakula!"

"Anakula nini?"

"Kanisa lako! Ana mimba, mpumbavu wewe, naye anakula kanisa lako kidogo kidogo, na wewe unamsomea zaburi!"

Askofu alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Mama hakucheka pia. Alifunga mzigo wake usiku ule ule bila kumwomba mtu ushauri, na asubuhi alikuwa ameketi kwenye chombo cha Askofu na mbuzi mmoja wa maziwa. Nahodha alisema mbuzi hapandi. Mbuzi amepanda.

Makrina, ungeniambia. Ningekuombea kitu cha maana.

Zosimo


Korintho, Novemba, siku ya kumi na moja

Mdogo wangu mpendwa,

Hatujambo, na sasa tuko wengi zaidi. Ni msichana. Ana nywele nyingi na hasira za upande wetu. Filemoni amemtengenezea taa ndogo yenye umbo la kifaranga, kisha akaivunja kwa furaha, ametengeneza nyingine.

Umeniuliza mbona sikusema. Wale wawili wa kwanza niliwatangaza mapema mno, Zosimo. Unakumbuka Mama alivyofuma zile nguo, na baadaye nikalazimika kuwaandikia tena kwamba hazihitajiki. Mwaka jana na mwaka juzi sikuja kwa sababu hiyo, njia ilikuwa nzuri tu. Safari hii nilijiapiza kwamba sitasema mpaka nimsikie akilia. Niliposikia sauti ya Mama barabarani akigombana na mtu juu ya mbuzi, nilikaa chini mlangoni nikalia kabla ya mtoto.

Mama hakuniuliza kitu. Alinitazama tumbo, akanitazama uso, akasema, "Una vumbi la kigae mdomoni," akalifuta kwa kidole chake. Tangu hapo ndiye anayetawala nyumba. Jirani wa juu sasa anaita kabla ya kumwaga.

Kuna jambo moja nitakuandikia kama ndugu, na si kama padre. Siku ya tatu baada ya kuzaa niliamka alfajiri, mtoto hayupo. Nikapanda ngazi, nikawakuta juu ya paa. Mama alikuwa amesimama ameelekea mawio, amemfungua mtoto nguo, amemwinua kwa mikono miwili kama walivyokuwa wakifanya wanawake wa Petrusa zamani za bibi yetu, kuwaonyesha watoto wao kwa miungu. Jua likatoka, likampiga usoni, akapiga chafya. Mama akamrudisha kifuani, akamfunika, akachovya kidole kwenye maji akamchora msalaba kwenye paji la uso. Aliponiona nimesimama pale akasema, "Huwezi kujua nani yuko macho saa hizi."

Nilimpokea mtoto nikamnyonyesha.

Atabatizwa na wewe, Machi, bahari ikitulia. Ukimwandikia Askofu kabla ya hapo, mpe salamu zetu zote, na ukurasa huu wa mwisho uchome.

Dada yako,
Makrina